Morgon au Crozes-Hermitage? Chupa mbili za Ufaransa, meza moja, msosi wa kwetu

Watu wengi wakitaka kununua waini nyekundu ya Kifaransa mkono unaenda wenyewe kwenye Bordeaux, kwa sababu ndo jina walilolisikia, halafu lebo ina picha ya jumba la kizamani inaonekana ya maana. Sina ugomvi na Bordeaux. Ila kama una euro kumi na tano au ishirini mfukoni na unachopika nyumbani ni mbuzi, pilau, matumbo au kisamvu, mi nakwambia iache kwanza, maana Bordeaux ya bei hiyo mara nyingi ni ngumu, inabana mdomo, inataka kipande cha nyama ya ng'ombe chenye damu damu na miaka kadhaa ya kusubiri kabatini. Nani ana muda huo? Kuna chupa mbili nyingine bei ileile ambazo ukiziweka pembeni kwa pembeni unajifunza zaidi kuhusu waini na chakula kuliko kusoma kurasa mia. Moja ni Morgon, nyingine ni Crozes-Hermitage.

Nimechagua hizi mbili kwa sababu naishi Lyon, hapa Ufaransa, na huu mji uko katikati yao, ukipanda treni kaskazini kwenda Belleville uko Beaujolais, eneo inakotoka Morgon, chini ya saa moja, ukipanda ya kusini unashuka Tain-l'Hermitage kama saa moja hivi uko kwenye bonde la mto Rhône, inakotoka Crozes. Wenyeji wana utani wao kwamba Lyon ina mito mitatu, Rhône, Saône na Beaujolais. Na kwenye vile vimgahawa vyao vinavyoitwa bouchon waini inaletwa kwenye kachupa kenye kitako kinene ka sentilita 46, siyo 50, na watu wanabishana mpaka leo eti zile sentilita nne ziliibiwa na nani.

Asiyekunywa hapa apite tu kwa amani, kwenye maelezo ya viungo huko chini anaweza akaokota kitu.

Tuanze na zabibu zenyewe maana hapo ndo tofauti inapozaliwa.

Morgon inatengenezwa na zabibu inaitwa Gamay. Hii zabibu imetukanwa sana kihistoria, mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, alitoa amri miche yake ing'olewe kwenye ardhi yake akiiita mmea mbaya usio na uaminifu, sababu ilikuwa inazaa sana na waini yake aliiona ya hovyo ukilinganisha na ya zabibu nyingine ya hapohapo, Pinot Noir. Kinachochekesha ni kwamba vipimo vya vinasaba vimekuja kuonyesha Gamay ni mtoto wa Pinot huyohuyo aliyekuwa anapendelewa, mzazi wa pili ni zabibu ya wakulima wa chini inaitwa Gouais blanc. Yaani mtoto wa nyumbani alifukuzwa. Akakimbilia kusini kidogo kwenye vilima vya graniti vya Beaujolais na huko akastawi, kwa hiyo Gamay ya kwenye graniti ni kitu kingine kabisa.

Beaujolais ina ngazi zake. Chini kuna Beaujolais ya kawaida, katikati Beaujolais-Villages, juu kuna vijiji kumi vyenye jina lao wenyewe kwenye lebo, na mara nyingi hawaandiki Beaujolais kwa herufi kubwa kabisa kwa hiyo ukiwa dukani hujui unaweza ukapita. Morgon ni mmoja wa hivyo kumi, wengine ni kama Fleurie, Moulin-à-Vent, Brouilly, Juliénas, wa mwisho kuingia alikuwa Régnié mwaka 1988. Morgon ndo mimi naipenda kwa chakula kwa sababu ina mwili, yaani uzito mdomoni, kuliko Fleurie lakini haijakaza kama Moulin-à-Vent. Ukiona kwenye lebo Côte du Py, hicho ni kilima maarufu cha hapo Morgon, mawe yake yana rangi ya bluu ya kijivu hivi, na waini yake inakuwa nzito kidogo na inavumilia kukaa miaka.

Tafadhali usichanganye na Beaujolais Nouveau, ile inayotolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba watu wanapiga kelele baa nzima. Ile zabibu zake zimekaa kwenye tangi siku chache tu, inanukia ndizi na pipi, ukishaonja hiyo unasema Beaujolais yote ni juisi. Siyo.

Crozes-Hermitage sasa, hiyo ni Syrah. Ndiyo hiyohiyo ambayo Afrika Kusini na Australia wanaiita Shiraz, na hapa watu wa pwani mtapenda, maana kama koo nyingi za kwetu zinavyosimulia asili yao Shiraz, hii zabibu nayo ilikuwa na hadithi yake ya kutoka Uajemi, eti shujaa wa vita vya msalaba anaitwa Gaspard de Stérimberg alirudi kwenye miaka ya 1220 akajenga kibanda cha ibada juu ya kilima cha Hermitage akapanda mizabibu. Kikanisa kipo mpaka leo unakiona ukiwa kwenye treni. Ila vinasaba vikapimwa mwishoni mwa miaka ya 1990 vikasema Syrah ni mzaliwa wa hapohapo, mama na baba ni Mondeuse Blanche na Dureza, zote za kusini mashariki mwa Ufaransa. Hadithi imekufa, kikanisa kimebaki na kinaendelea kuuza waini vizuri sana.

Kilima chenyewe cha Hermitage waini yake ni bei ya kulia. Crozes-Hermitage ni mashamba yanayokizunguka, sehemu ya kusini ni tambarare yenye kokoto, kaskazini kuna vilima vya graniti, na ndo eneo kubwa kuliko yote kwenye Rhône ya kaskazini kwa hiyo chupa zinapatikana na bei inashikika. Ng'ambo ya mto kuna Saint-Joseph, ni ndugu yake wa karibu, ukikosa moja chukua nyingine. Kuna mzalishaji mkubwa hapo Tain, Chapoutier, lebo zake tangu 1996 zina maandishi ya nukta nukta ya wasioona, ukipapasa chupa gizani unajua unakunywa nini, mi nadhani ni jambo la heshima sana na sielewi kwa nini wengi hawajaiga.

Sasa kuonja. Watu wanaogopa hii sehemu, wanadhani lazima uwe na pua ya mbwa wa polisi.

Jambo la kwanza ni joto la chupa, na hapa kuna ushauri wa kizungu unaotupoteza, wanasema waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba, sawa, lakini chumba walichomaanisha ni cha nyumba ya mawe ya zamani kule Ulaya yenye nyuzi 16 au 17. We uko Dar, Mombasa au Bujumbura sebuleni nyuzi 29 unafungua chupa, kilevi chote kinapanda puani, utamu unajaa, waini inakuwa kama imechemshwa. Morgon inataka nyuzi 13 au 14, iweke friji dakika 40 hivi kabla. Crozes inataka 16 mpaka 18, dakika 20 zinatosha. Usione aibu mgeni akikushangaa kutoa waini nyekundu kwenye friji, huku Lyon Beaujolais ya baridi ni kawaida kabisa.

Halafu anza na Morgon ndo uende Crozes, ukifanya kinyume Morgon itaonekana maji. Mimina kidogo, robo ya glasi tu ili ipate nafasi ya kuzungushwa.

Tazama rangi juu ya karatasi nyeupe. Morgon ni nyekundu ya kung'aa unaona vidole vyako ng'ambo ya glasi, Crozes ni zambarau nyeusi nyeusi pembeni inavuja rangi ya bluu kama bado changa. Rangi haikwambii ubora, inakwambia tu ngozi ya zabibu ilikuwa nene kiasi gani na imekaa kwenye juisi muda gani.

Nusa. Morgon inakuja na matunda mekundu, cheri, rasiberi, wakati mwingine maua, na mi kila nikinusa Morgon changa napata kitu cha juisi ya rozela, ule wekundu wenye uchachu ndani yake. Sababu ni jinsi inavyotengenezwa, kule Beaujolais wanachuma kwa mkono vishada vizima na kuvitupia kwenye tangi bila kusaga, vya chini vinapasuka kwa uzito vinaanza kuchacha, hewa ya ukaa inajaa tangi, na zile zabibu za juu ambazo bado nzima zinaanza kuchacha kutokea ndani ya ngozi zao wenyewe. Matokeo ni matunda mengi puani na ukakasi kidogo mdomoni. Kwenye Nouveau siku nne tano basi, kwenye Morgon nzuri wanaacha zaidi ya wiki, ndo maana ina mgongo.

Crozes inakuja tofauti kabisa. Matunda meusi, zaituni nyeusi, moshi, wakati mwingine kama nyama iliyokaushwa, na juu ya yote pilipili manga. Hiyo pilipili manga sio mbwembwe za waandishi, watafiti wa Australia mwaka 2008 waliikamata kemikali yenyewe, inaitwa rotundoni, na ndiyo hiyohiyo inayofanya pilipili manga inukie pilipili manga. Ipo kidogo mno kwenye waini lakini pua inaidaka. Ila sio kila pua, kwenye utafiti huohuo mtu mmoja kati ya watano hivi hakuisikia kabisa hata ikiwa nyingi, kwa hiyo ukikaa na washkaji mmoja akasema pilipili iko wapi mbona sioni, usimcheke, ndo alivyoumbwa. Syrah ya sehemu zenye ubaridi inakuwa nayo zaidi kuliko ya jua kali, na hapo ndo utaelewa kwa nini Shiraz nyingi unazozikuta supamaketi zetu kutoka kusini zinanukia jamu na chokoleti zaidi kuliko pilipili.

Na kama Crozes yako imekaa kwenye mapipa mapya ya mwaloni unaweza kukutana na karafuu. Tena karafuu kweli, mbao za pipa zinapochomwa kwa ndani zinatoa yujinoli, na yujinoli ndo roho yenyewe ya karafuu za Pemba. Mzanzibari ana pua tayari, hana haja ya kozi.

Mdomoni chukua funda, lizungushe mpaka kwenye fizi, meza, halafu subiri. Subiri ndo wengi hawafanyi. Morgon itakufanya utoe mate pembeni ya ulimi, huo ni uchachu. Crozes nayo itakutoa mate lakini baada ya sekunde kadhaa fizi zinakauka, ulimi unakwaruza, ule ukakasi wa kung'ata bibo ambalo halijaiva vizuri. Hiyo ni tanini, inatoka kwenye ngozi na mbegu za zabibu, inashikana na protini za mate yako na kuziondoa kazini, ndo maana mdomo unahisi mkavu wakati una kimiminika ndani. Kumbuka hilo neno protini, tunalihitaji sasa hivi.

Kilevi zinapishana kidogo sana, zote ziko kwenye asilimia 13 hivi, miaka ya joto kama 2020 na 2022 zinapanda, na 2021 ambapo baridi ya Aprili iliunguza machipukizi karibu Ufaransa nzima waini zilitoka nyepesi zenye uchachu. Ukikuta Morgon ya 2022 ujue ina mwili mnene kuliko kawaida, Crozes ya 2021 itakuwa laini kuliko kawaida, yaani mwaka unaweza ukazisogeza hizi mbili karibu kabisa.

Haya, chakula, ndo kilichotuleta.

Njia ya kufanya ni rahisi, onja waini, kula tonge, onja tena waini ileile. Usihukumu kwenye funda la kwanza. Waini ambayo ilikuwa ngumu inaweza kulainika, ambayo ilikuwa tamu inaweza ikageuka siki mdomoni mwako, na huo mgeuko ndo jibu lako.

Mbuzi wa kuchoma, chumvi tu na ndimu kidogo. Hapa hakuna ubishi, Crozes. Tanini ikikutana na nyama inapata protini nyingine ya kushikana nayo, inaacha mate yako, chumvi nayo inapunguza uchungu, mafuta ya mbavu yanasuguliwa yanaondoka ulimini, na ule moshi wa mkaa unakutana na moshi ulio kwenye Syrah. Kule kwenyewe Rhône wanainywa na mwanakondoo na nyama pori kwa sababu hiyohiyo. Morgon kwenye mbuzi sio mbaya ila inabaki nyuma, inakuwa ya kushushia tu.

Lakini ngoja. Nani anakula choma bila kachumbari na pilipili? Hapo ndo mambo yanageuka na ndo hapa vitabu vya Ulaya havitusaidii. Kilevi kinaongeza moto wa pilipili, na tanini kwenye ulimi uliowashwa inazidi kukwaruza, kwa hiyo choma yenye pilipili mbuzi ya maana na Crozes ni vita mdomoni, mwisho wa siku huonji waini wala nyama. Morgon ya baridi inashinda hapo kirahisi, ukakasi ni mdogo, matunda yanapoza, na uchachu wake unaongea lugha moja na nyanya na ndimu za kachumbari. Waini isiyo na uchachu ikikutana na ndimu inalala kifo cha mende, Morgon haitikisiki. Kwa hiyo kwenye choma swali sio nyama, swali ni bakuli la pembeni.

Pilau. Hii ndo nilitaka kuifikia. Pilau ya ng'ombe yenye bizari nzima, pilipili manga, karafuu, mdalasini na iliki, mchele umekaangwa na vitunguu mpaka ukawa kahawia, na Crozes yenye miaka minne mitano, hiyo ni ndoa ya kifamilia, pilipili manga ya sufuria na pilipili manga ya glasi ni kitu kimoja kikemia, karafuu na karafuu. Mpishi akiwa mkono mwepesi kwenye mdalasini ni raha tupu. Akizidisha mdalasini na karafuu basi waini inaonekana chungu, viungo vitamu vikali vinaibua uchungu wa pipa. Morgon kwenye pilau ni ya salama, haikosei na haishangazi. Biriani nisiiongelee sana, ile rosti ina nyanya, maziwa mgando na vitunguu vya kukaanga ni tamu na chachu kwa pamoja, chukua Morgon uendelee na maisha.

Matumbo sasa. Lyon ni mji wa matumbo jamani, Mwafrika Mashariki akija hapa anajisikia nyumbani. Wana kitu kinaitwa tablier de sapeur, ni utumbo wa ng'ombe uliolowekwa kwenye waini nyeupe ukapakwa chenga za mkate ukakaangwa, wana andouillette ambayo ni soseji ya matumbo na harufu yake haimfichi mtu, na asubuhi saa tatu nne watu wanakaa kula vitu hivyo na waini wanaita mâchon, ilikuwa desturi ya wafumaji wa hariri baada ya kazi ya alfajiri. Na wanakunywa nini? Beaujolais. Ina mantiki kabisa, matumbo yana utelezi na mafuta na ile harufu ya ndani, unahitaji uchachu wa kukata na tunda la kufunika, tanini nyingi kwenye utumbo inaleta ladha ya chuma isiyopendeza. Kwa hiyo supu ya utumbo, matumbo ya nyanya, mutura kama uko Nairobi, Morgon bila kufikiri. Mutura yenye damu na moshi naweza nikakubali mtu akiniambia Crozes, tutabishana lakini nitaelewa.

Vitu vya nazi ni kesi ngumu. Kuku wa kupaka, kisamvu cha nazi, maharage ya nazi, nazi ina utamu wake wa chinichini na mafuta yanayofunika ulimi, Syrah hapo inakuwa kavu na chungu ghafla mpaka unadhani chupa imeharibika. Morgon ya baridi inavumilika. Kusema ukweli waini nyeupe ni bora kuliko zote mbili kwenye nazi ila mada ya leo ni nyekundu. Kisamvu cha Kikongo lakini, pondu yenye mawese, na huku Lyon Wakongo wapo na wanakipika vizuri, hiyo Morgon inakaa poa hasa kama kuna makayabu ndani, chumvi ya samaki mkavu inaiamsha.

Samaki wengine Crozes hapana. Waini nyekundu ina madini ya chuma na yakikutana na mafuta ya samaki yanaleta ile shombo ya soko la feri saa kumi jioni. Jodari wa kuchoma na Morgon ya baridi sana inakubalika, na hata huku watu wanafanya hivyo na samoni.

Uyoga, maharage mekundu na ugali, dengu zenye soseji, hivi vyote naona Morgon, tena dengu na soseji nene ya kuchemsha ni msosi wa kiLyon kabisa. Nyama ya ng'ombe iliyochemka taratibu saa tatu nne mpaka mchuzi ukawa mzito mweusi, Crozes. Jibini laini kama Saint-Marcellin linalomwagika, Morgon.

Chokoleti mniache. Tain ni mji wa waini na hapohapo ndo kilipo kiwanda cha chokoleti cha Valrhona kilichoanzishwa 1922, kwa hiyo kila mtalii anataka kuonja vyote pamoja, na utamu wa chokoleti unaifanya waini kavu, yaani isiyo na sukari, ionekane siki. Kula chokoleti na kahawa.

Bei. Morgon ya mkulima mzuri huku Ufaransa inaanzia kama euro 12 mpaka 20, Crozes inaanzia 15 inaenda 25 hivi, ukivuka hapo unalipia jina. Afrika Mashariki ushuru na usafiri vinapandisha sana, na hapo naomba uangalie kitu kimoja kabla hujatoa hela, chupa imesimama wapi. Kama iko dirishani jua linaipiga au kizibo kimeanza kusukumwa juu, iache hata ikiwa nusu bei, imepikwa. Ukikosa Morgon chukua kijiji kingine kati ya vile kumi, Brouilly huwa inasafiri sana. Ukikosa Crozes usichukue Shiraz ya kilevi asilimia 15 ukadhani ni kitu kilekile, tafuta iliyoandikwa Syrah na kilevi 13 au 13.5, mara nyingi mtengenezaji akiandika Syrah badala ya Shiraz anataka kukwambia anafuata staili ya Rhône, sio sheria lakini inasaidia.

Kwa hiyo nani achukue nini? Kama meza ina watu wengi na sahani tofauti tofauti, kuna anayeweka pilipili na asiyeweka, kuna kuku kuna maharage kuna kachumbari, chukua Morgon mbili hata usinunue Crozes. Kama ni watu wachache mna kitu kimoja cha nguvu mezani, mguu wa mbuzi, pilau, mchuzi mzito wa ng'ombe, na mna muda wa kukaa, Crozes, tena ifungue nusu saa kabla na uimimine kwenye jagi ipigwe na hewa. Kwa zawadi kwa mtu ambaye hajazoea waini nyekundu usimpe Crozes changa, ataona unamtesa na ukakasi. Kwa mzee wa whisky anayedharau waini eti ni juisi ya akina mama, hapo ndo mpe Crozes.

Na ukizifungua zote mbili usiku mmoja, malizeni Morgon kwanza, maana ikilala wazi matunda yake yanaanza kuondoka na kesho kutwa haina kitu. Crozes rudishia kizibo iweke friji, mara nyingi siku ya pili inakuwa laini kuliko jana, itoe nusu saa kabla ya kupasha kiporo.